Nani hasa ana haki ya kupiga kura Texas? Jinsi ya kupiga hesabu ya rangi na asili mwenyewe

Kila uchaguzi wa Marekani ukikaribia kuna kauli inazunguka sana kwenye magrupu, kwamba Texas Walatino (watu wenye asili ya Meksiko na nchi nyingine za Amerika ya Kilatini) wameshawafikia Wazungu kwa idadi kwa hiyo jimbo liko njiani kugeuka kutoka Republican kwenda Democrat, na ukiuliza mbona halijageuka unaambiwa basi Walatino wenyewe ni wavivu wa kupiga kura. Ile ya idadi ni kweli. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 29,145,505 Texas, Wazungu wasio Walatino wakiwa asilimia 39.7 na Walatino asilimia 39.3, yani karibu wanalingana. Ila hiyo ni hesabu ya watu wote, humo kuna mtoto wa wiki mbili, kuna mwenye grin kadi, kuna mwanafunzi wa viza, kuna asiye na makaratasi. Ukibakisha raia wenye miaka 18 kwenda juu, Wazungu wanapanda mpaka kwenye nusu hivi na Walatino wanashuka mpaka chini kidogo ya theluthi. Na hapo hatujafika hata kwenye kujiandikisha, kwa hiyo kumwita mtu mvivu kwa hesabu ya namna hii ni kumwonea.

Mimi hili jambo linanikera kwa sababu hesabu yenyewe mtu yeyote mwenye simu au kompyuta anaweza kuipiga, data ni za serikali na ni za bure. Naandika kwa ajili ya ndugu zetu walioko Houston, Dallas, Fort Worth na kwingine, na pia kwa waandishi na wanafunzi wa huku nyumbani wanaoripoti siasa za kule. Natumia Texas kwa sababu pengo lake ni kubwa na linaonekana wazi, njia ni ile ile ukitaka Georgia au Minnesota au Maine.

Anza kwa kuamua unamhesabu nani

Hapa ndo watu wengi wanapotea, wanachukua namba ya kundi moja wanaisemea kundi lingine. Kuna watu wote wanaoishi jimboni. Ndani yao kuna watu wazima, miaka 18 na kuendelea, kwa kifupi wanaitwa VAP. Ndani ya watu wazima kuna raia, hao ndo CVAP, na hii herufi nne uikariri maana ndo utakayoitafuta kila mahali. Ndani ya CVAP ukiondoa wale ambao sheria ya jimbo imewazuia, hasa waliotiwa hatiani kwa makosa makubwa, unapata wenye sifa kamili, wanaitwa VEP. Halafu waliojiandikisha. Halafu waliopiga kura kweli.

Kila tabaka lina sura yake kwa rangi na asili. Chukua namba za kufundishia tu, hizi sio za Texas. Kundi A lina watu 1,000, watu wazima 800, na kati yao raia 780. Kundi B nalo lina watu 1,000 lakini ni kundi changa, watu wazima 650, na kati yao raia 450. Kwa idadi ya watu ni nusu kwa nusu. Kwa CVAP sasa, jumla ni 1,230, kundi A ni 780 gawanya kwa 1,230 ambayo ni asilimia 63.4, kundi B asilimia 36.6. Hamna aliyeibiwa kura wala aliyebaki amelala nyumbani, ni umri na uraia tu vimefanya kazi yake. Texas iko hivyo hivyo, Walatino ni vijana kuliko Wazungu, zaidi ya nusu ya wanafunzi wa shule za umma za jimbo ni Walatino, na hao watoto wengi sana wamezaliwa Marekani, ni raia, wanasubiri umri tu. Kwa hiyo hata bila mtu mmoja mpya kuvuka mpaka, sura ya wapiga kura itaendelea kubadilika kila mwaka vijana wanapofikisha 18.

Na usidhani hesabu ya watu wote haina kazi. Viti vya bunge la Marekani vinagawanywa kwa watu wote, raia na wasio raia. Texas iliongezeka karibu watu milioni 4 kati ya 2010 na 2020, karibu milioni 2 kati yao Walatino, ikapata viti viwili vipya, kutoka 36 kwenda 38. Kuna wapiga kura wa Texas walienda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani wakitaka majimbo ya uchaguzi ya jimbo lao yagawanywe kwa kuhesabu wenye haki ya kupiga kura tu, kesi ya Evenwel dhidi ya Abbott, na mwaka 2016 majaji wote kwa kauli moja wakasema Texas inaruhusiwa kutumia watu wote. Sasa angalia inavyokuwa, mtu asiye raia anahesabika kwenye kuleta kiti halafu kura ya kukijaza hana. Ndo maana ukisikia mtu anataja asilimia, swali la kwanza muulize ni asilimia ya nani.

Rangi na asili wanazihesabuje

Msomaji wa Tanzania hii inaweza kumshangaza kidogo kwa sababu sensa yetu haijauliza kabila tangu 1967. Kule wanauliza, na wanauliza mara mbili. Swali la kwanza, je wewe ni Mlatino, ndiyo au hapana. Swali la pili, rangi yako ni ipi, na unaruhusiwa kuweka tiki zaidi ya moja. Ulatino kwenye data hizi ni asili, sio rangi, kwa hiyo kuna Mlatino Mzungu, Mlatino Mweusi, na wako wengi sana wanaoona visanduku vyote vya rangi haviwahusu wanaweka tiki kwenye "rangi nyingine". Usipolishika hili utawahesabu watu mara mbili na asilimia zako zitavuka mia.

Jibu ni la mtu mwenyewe, hakuna anayekuja kukukagua. Mkenya, Mkongo, Mtanzania Mweusi kawaida anaingia kwenye kisanduku cha Weusi pamoja na Mmarekani Mweusi ambaye familia yake iko Texas toka enzi za utumwa, fomu ya 2020 iliweka nafasi ya kuandika asili yako chini ya kisanduku lakini kwenye majedwali ya wapiga kura wote mnatoka kama mstari mmoja. Mkenya mwenye asili ya Gujarat yuko kwa Waasia. Mzanzibari mwenye asili ya Oman, kwa maelezo yaliyopo kwenye data za sasa watu wenye asili ya Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini wamewekwa ndani ya Wazungu. Hilo linabadilika, Machi 2024 serikali kuu ilitoa mwongozo mpya wa kuunganisha maswali yale mawili kuwa moja na kuwapa watu wa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini kundi lao, na ikazipa idara zake mpaka Machi 2029 kutekeleza. Kwa hiyo huko mbele ukilinganisha data za zamani na mpya uwe makini, utaona Wazungu wamepungua kumbe ni kisanduku kimegawanywa.

Mambo ya tiki mbili nayo uamue mapema. Mtu aliyejaza Mweusi na Mzungu unamweka wapi? Kwenye mambo ya haki za kupiga kura, Wizara ya Sheria ya Marekani kawaida inamhesabu upande wa Weusi. Unaweza kufanya hivyo au ukamwacha kwenye kundi la mchanganyiko, vyote sawa, ila uandike umefanya nini.

Uraia wanaupata wapi

Sensa kubwa ya kila miaka kumi haiulizi uraia. Serikali ya Trump ilijaribu kuliingiza hilo swali kwenye sensa ya 2020, Juni 2019 Mahakama Kuu ikalizuia kwa kuwa sababu iliyotolewa haikuwaridhisha majaji. Kwa hiyo mafaili ya sensa ya kugawia majimbo ya uchaguzi yanakupa watu wazima kwa rangi mpaka mtaa kwa mtaa, lakini uraia hamna.

Uraia uko kwenye utafiti unaoitwa American Community Survey, kwa kifupi ACS, ambao Ofisi ya Sensa inaufanya mwaka mzima kila mwaka kwa kuchagua kama anwani milioni 3.5 nchi nzima. Ni sampuli, sio kuhesabu kila kichwa, hilo tutalirudia. Matokeo yanatoka kwa namna mbili, kuna ya mwaka mmoja kwa maeneo yenye watu 65,000 na zaidi, na kuna ya miaka mitano iliyounganishwa kwa maeneo yote hata kakijiji. Kwa jimbo zima kama Texas ya mwaka mmoja inatosha na ni mbichi zaidi. Kwa kaunti ndogo tumia ya miaka mitano. Ile ya mwaka mmoja ya 2020 iruke kabisa, korona iliharibu ukusanyaji na Ofisi ya Sensa yenyewe iliitoa kama ya majaribio.

Njia ya haraka, jedwali B05003

Fungua data.census.gov, kwenye sehemu ya kutafuta andika B05003, halafu kwenye maeneo chagua Texas. Jedwali hili linagawanya wanaume na wanawake, chini ya miaka 18 na juu yake, waliozaliwa raia na waliozaliwa nje, na waliozaliwa nje wanagawanywa walioukwaa uraia na ambao bado. Unachotaka ni mistari minne tu, chini ya watu wa miaka 18 na zaidi: wanaume wazawa ni mstari wa 9, wanaume waliopata uraia mstari wa 11, wanawake wazawa mstari wa 20, wanawake waliopata uraia mstari wa 22. Jumlisha hiyo minne, hiyo ndo CVAP ya Texas. Ukitaka kuhakiki, jedwali B29001 linakupa jumla ya CVAP moja kwa moja, zikitofautiana umechukua mstari sio wenyewe.

Sasa kwa rangi, lile lile jedwali linakuja na herufi mwishoni na mistari inakaa mle mle. B05003B ni Weusi, B05003D Waasia, B05003I Walatino, na Wazungu wana mawili, A na H. Chukua H. A ni Wazungu wote pamoja na Walatino waliojiandika Wazungu, H ni Wazungu wasio Walatino. Ukichukua A ukaijumlisha na I umewarudia Walatino kibao. Halafu A ina tatizo lingine, toka 2020 namna ya kusoma majibu ilibadilishwa na Walatino wengi wakahama kutoka Wazungu kwenda "rangi nyingine" au mchanganyiko, kwa hiyo mtu akikuonyesha grafu ya A toka 2015 mpaka 2022 akakuambia Wazungu wameporomoka, sehemu ya hiyo poromoko ni karatasi tu.

Kuna udhaifu mmoja kwenye njia hii, B na D nazo zina Walatino ndani yake, Mlatino Mweusi yuko B na yuko I. Kwa Texas sio wengi kiasi cha kuharibu picha lakini kama unaandika ripoti ya maana nenda njia ya pili.

Njia ya uhakika, faili la CVAP

Ofisi ya Sensa inatengeneza faili maalumu la CVAP kwa rangi na asili kwa ajili ya Wizara ya Sheria, kwa sababu ya ile Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965. Linatoka kila mwaka, kawaida mwanzoni mwa mwaka, likiwa limetokana na ACS ya miaka mitano. Tafuta "CVAP special tabulation" kwenye saiti ya census.gov, daunilodi zipu ya CSV, ifungue. Utakuta mafaili kibao, nchi, jimbo, kaunti, miji, mpaka vitalu vidogo vya mtaa. Anza na la jimbo, linaitwa State.

Kila eneo lina mistari 13. Wa 1 ni jumla. Wa 2 ni wasio Walatino wote. Wa 3 mpaka 12 ni rangi za wasio Walatino, wa 4 ni Waasia, wa 5 Weusi, wa 7 Wazungu, wa 8 mpaka 12 ni michanganyiko, wa 10 ukiwa wale Weusi na Wazungu. Wa 13 ni Walatino wa rangi zote. Hamna mtu anayetokea mara mbili ukijumlisha 3 mpaka 13, na hapo ndo uzuri wake. Kolamu za kuangalia ni nne zenye herufi EST, yani makadirio: TOT ni watu wote, ADU watu wazima, CIT raia wote, CVAP raia watu wazima. Kwa hiyo kwenye mstari mmoja wa Walatino wa Texas unaona ngazi zote zikishuka, na ukigawanya kila moja kwa mstari wa 1 wa kolamu hiyo hiyo unaona asilimia inavyopungua hatua kwa hatua kutoka watu wote mpaka raia watu wazima. Fanya hivyo kwa Wazungu, mstari wa 7, uone inavyopanda. Hilo jedwali dogo la mistari miwili na kolamu nne linajibu mabishano mengi kuliko makala ndefu, kama una muda wa kitu kimoja tu fanya hicho.

Mambo machache ya kiufundi yatakayokusumbua. Namba zimesogezwa kidogo, kuanzia 8 kwenda juu zinapelekwa kwenye tano iliyo karibu na 1 mpaka 7 zote zinaandikwa 4, kwa hiyo jumla zisipokaa sawasawa kwa tano kumi usihangaike. Kila eneo lina kodi, yani namba yake ya utambulisho, Texas ni 48, kaunti ya Harris ambayo ndo Houston inaishia na 48201, chuja kwa kodi usichuje kwa jina, maana kaunti za majina yanayofanana ziko kila jimbo. Na faili la vitalu vidogo, lile BlockGr, usilifungue kwa Excel, lina mistari mamilioni na Excel inaishia 1,048,576, inakata iliyobaki, na Texas kwa kuwa kodi yake iko mbali huko mwishoni haitatokea kabisa, utakaa unaitafuta bure. Tumia R au Python au programu yoyote ya kanzidata.

Kiwango cha makosa, tafadhali usikiruke

Pembeni ya kila EST kuna MOE, ndo kiwango chenyewe cha makosa. Maana yake ni hii, kama EST ni 12,000 na MOE ni 900, Ofisi ya Sensa inakuambia kwa uhakika wa asilimia 90 namba ya kweli iko kati ya 11,100 na 12,900. Kwa jimbo zima MOE ni ndogo, haikusumbui. Kwa kaunti ndogo inaweza kuimeza namba yenyewe. Texas ina kaunti 254, na moja yao, Loving, sensa ya 2020 ilikuta watu 64. Sitini na nne. Hapo utafiti wa sampuli ukikuambia asilimia ya Walatino wenye haki ya kupiga kura imepanda kwa 10, hiyo inaweza kuwa familia moja tu imejibu fomu mwaka huu na mwaka jana haikupata.

Ukijumlisha namba, MOE hazijumlishwi kawaida. Unazipiga kipeo cha pili kila moja, unajumlisha, unatafuta kipeuo. Mfano mistari yako minne ya B05003 ina MOE 300, 400, 300 na 400, vipeo vyake ni 90,000 na 160,000 na 90,000 na 160,000, jumla 500,000, kipeuo chake ni kama 707. Ungejumlisha tu ungepata 1,400, ungejiona huna uhakika mara mbili ya ukweli.

Na ukitaka kulinganisha miaka kwa data za miaka mitano, linganisha vipindi visivyogusana, 2014 mpaka 2018 na 2019 mpaka 2023 ni sawa. Kulinganisha 2018 mpaka 2022 na 2019 mpaka 2023 ni kulinganisha kitu na chenyewe, miaka minne kati ya mitano ni ile ile.

CVAP sio mwisho wa hesabu

Texas mtu akitiwa hatiani kwa kosa kubwa hapigi kura mpaka amalize adhabu yote, pamoja na parole (kuachiwa mapema kwa masharti) na kipindi cha uangalizi. ACS hailijui hilo, inamhesabu. Tena inamhesabu pale alipofungwa. Kaunti ya Walker, mji wa Huntsville, ina magereza kadhaa ya jimbo, kwa hiyo ukiangalia CVAP ya Weusi na Walatino pale utaona idadi ambayo sehemu yake ni wanaume walioko nyuma ya ukuta, walioletwa kutoka Houston na Dallas, hawawezi kupiga kura Huntsville wala kwao. Mtu asiyejua atasema Weusi wa Walker hawajiandikishi. Ukiona kaunti yenye wanaume wengi kuliko wanawake kupita kawaida kwenye kundi fulani, kagua kama kuna gereza kabla hujaandika chochote. Majimbo mengine sheria ni tofauti, Maine na Vermont mfungwa anapiga kura akiwa gerezani.

Waliojiandikisha kwa rangi Texas huwezi kuwapata moja kwa moja, fomu ya kujiandikisha haiulizi rangi. Kinachofanyika ni kukadiria kwa majina, wanaangalia majina ya ukoo ya Kihispania kwenye daftari. Inasaidia kiasi, ila Mfilipino mwenye jina la Kihispania anaingia, na Mlatina aliyeolewa akachukua jina la mume anatoka. Georgia, North Carolina na Florida fomu zao zina sehemu ya rangi, huko ni rahisi zaidi. Ukitaka waliopiga kura, kuna utafiti mwingine wa Ofisi ya Sensa unaofanyika Novemba ya kila uchaguzi wa miaka shufwa, wanauliza watu kama walijiandikisha na kama walipiga. Mwaka 2020 nchi nzima, kati ya raia watu wazima, Wazungu wasio Walatino asilimia 70.9 walisema wamepiga, Weusi 62.6, Waasia 59.7, Walatino 53.7. Kwa hiyo pengo la kujitokeza lipo, silikatai, nachosema lipimwe juu ya raia watu wazima. Na kumbuka hayo ni majibu ya mdomo, kuna watu husema walipiga wakati hawakupiga.

Na sisi tunaoongea Kiswahili tuko wapi humo

Kwenye faili la CVAP hatuonekani, tuko ndani ya mstari wa 5 hasa. Ila kuna milango mitatu. Jedwali B05006 lina nchi za kuzaliwa, Kenya, Uganda na Kongo ya Kinshasa zina mistari yao. B16001 lina lugha za nyumbani, Kiswahili kimewekwa pamoja na lugha nyingine za Afrika ya kati, mashariki na kusini, kwa hiyo usiseme hao wote ni Waswahili. Na yote mawili hayakuambii nani ni raia mtu mzima.

Mlango wa tatu ndo wa kweli, unaitwa PUMS, ni majibu ya mtu mmoja mmoja ya ACS yaliyofichwa utambulisho. Unachagua umri, AGEP, 18 na zaidi, uraia, CIT, kuanzia 1 mpaka 4 maana 5 ni asiye raia, halafu nchi ya kuzaliwa kwenye POBP au lugha kwenye LANP, na mwisho unajumlisha uzito PWGTP, sio kuhesabu mistari. Ofisi ya Sensa ina kifaa cha kufanya hivyo mtandaoni bila kuandika programu, kinaitwa MDAT. Tumia ya miaka mitano, na usishuke chini ya jimbo kwa kundi dogo kama letu, namba zitakuwa za kubahatisha.

Namba ya raia watu wazima wa kwetu inakua na sababu zake zinajulikana. Mwenye grin kadi anaweza kuomba uraia baada ya miaka 5, au 3 kama ameoa au ameolewa na raia na wanaishi pamoja. Mkimbizi grin kadi yake inarudishwa nyuma mpaka tarehe aliyoingia, kwa hiyo miaka mitano yake inaanza siku aliyoshuka uwanja wa ndege, na Texas imepokea Wakongo wengi kwa njia hiyo. Watoto wao walio chini ya miaka 18 wenye grin kadi, wanaoishi na mzazi, wanapata uraia wenyewe mzazi anapoapishwa, sheria ya mwaka 2000, na wakifika 18 wanaingia moja kwa moja kwenye CVAP.

Mwisho kuna jambo ambalo watu wetu wananiuliza sana, kwamba tukiwa wengi je karatasi ya kura itakuja kwa Kiswahili? Kwa ile Sheria ya Haki za Kupiga Kura ilivyo, kifungu cha 203 kinalazimisha lugha nyingine pale raia watu wazima wa lugha hiyo wasiojua Kiingereza vizuri wakizidi 10,000 au asilimia 5 ya raia watu wazima wa kaunti, pamoja na sharti la elimu, na kwa njia hiyo Harris ina Kihispania, Kivietnam na Kichina. Lakini kifungu kinataja Walatino, Waasia, Wamarekani wa asili na wenyeji wa Alaska tu, lugha za Afrika hazimo hata tukifika laki. Kilichopo kwetu ni kifungu cha 208, mpiga kura asiyeweza kusoma karatasi ana haki ya kuingia na mtu anayemtaka yeye amsaidie, mwanae, jirani, mtu wa kanisani au msikitini, yeyote isipokuwa mwajiri wake au wakala wa mwajiri, au afisa au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Bibi Mkongo wa Fort Worth aliyeapishwa mwaka jana anaweza kwenda na mjukuu wake, na karani hana ruhusa ya kumkatalia kwa sababu wanaongea Kiswahili pale kwenye mashine.